Duka la Darubini, Mtaa wa Harcombe

Akheri, Arusha
14 Aprili 2002

Mwanangu Elinipa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Sisi huku tupo, wazima kwa kiasi chetu. Mvua zilichelewa, na zilipokuja zilikuja na mawe, zikachana migomba yote ya upande wa mtoni. Mama yako mdogo Tabea anaumwa goti, lakini Jumamosi hakosi kwenda kuuza ndizi Tengeru. Ng'ombe amezaa, safari hii mtamba, ndama jike. Kahawa nyingine tumeiacha mtini. Zamani chama cha ushirika kilikuwa kinachelewesha malipo tukalalamika. Siku hizi mnunuzi binafsi anakuja na gari lake, anataja bei bila kushuka garini. Kaburi la marehemu baba yako tulilipalilia kabla ya Pasaka.

Zile fedha ulizotuma Krismasi zilifika. Tunashukuru sana. Macho yanaendelea, usiwe na wasiwasi.

Sasa nikwambie lililonikalisha mezani. Unajua tangu waniachishe kazi kule hifadhini, ule mwaka tisini na nne walipotupunguza, sijaacha kuhesabu ndege. Kila asubuhi nakaa nyuma ya zizi na daftari langu. Watu wananicheka, nawaacha wacheke. Ila darubini niliyoachiwa na yule mgeni wa Kidenmaki imeingia ukungu wa ndani, haifai tena. Nilikwenda mjini kwa dada mmoja anaitwa Ummy, ana chumba cha intaneti karibu na soko, kompyuta nne. Akanitafutia duka la Uingereza linalouza darubini za watu wa ndege, zile za kusimama kwa miguu mitatu. Linaitwa Wrenfold. Bei yake ni nusu ya maduka mengine. Wameandika kwamba kioo chao kinakusanya mwanga, hata jicho lililochoka linaona. Kuna picha ya duka lenyewe, na mlango wa kioo.

Anwani yao ni namba 41, Mtaa wa Harcombe, Coventry. Nikasema, huo si mji wa Elinipa? Basi naomba siku ukitoka chuoni upite hapo, uangalie kama ni watu wa kweli. Ni kutazama tu. Nataka kujua kabla sijafanya lolote.

Baba yako mdogo,
Elisaria


Coventry
19 Mei 2002

Baba mdogo shikamoo, na mama mdogo shikamoo,

Barua yako nimeipata juzi tu. Zinachelewa kunifikia siku hizi, usinichukie. Mimi mzima, nimechoka kidogo na masomo. Huku wanasema ni majira ya joto lakini mimi bado nalala na soksi. Mama mdogo apake goti lile mafuta ya mkaratusi na asibebe mkungu mzima, aukate vichane nyumbani kabla ya kutoka.

Umesema macho yanaendelea. Yanaendelea vipi? Upasuaji ulifanyika lini? Ni jicho moja au yote mawili? Nilitegemea ungeniandikia hilo ukurasa mzima, umeniandikia mstari mmoja, halafu kurasa mbili za darubini.

Kuhusu hilo duka, sijapata nafasi ya kwenda. Nimeingia maktaba nikaufungua ukurasa wao. Baba mdogo, sikupendezwa. Nimepiga simu yao mara nne kwa siku tofauti, inaita mpaka inakatika. Hawapokei hundi wala kadi ya benki, wanataka utume fedha taslimu kwa jina la mtu, na jina la mtu huyo si jina la duka. Ile picha ya mlango wa kioo ukiitazama vizuri, kwenye kioo unaona bendera ya nchi nyingine kabisa. Na bei nusu, kwa nini wauze nusu?

Nitakwenda kuona kwa macho yangu. Kabla ya hapo usitume kitu. Hata shilingi.

Binti yako,
Elinipa


Akheri
16 Juni 2002

Mwanangu Elinipa,

Amani iwe kwako. Huku baridi imeshuka, Mlima umejifunika wiki ya pili hatuuoni. Mama yako mdogo amesikia habari ya vichane, akasema, "Mwambie mimi nilikuwa nabeba mikungu kabla hajazaliwa." Lakini anavikata. Mzee Solomoni wa kule juu tumemzika Jumanne. Mtamba anaendelea vizuri, ana nyota nyeupe usoni.

Nimesoma yote uliyoandika juu ya simu na bendera. Nakubali kuna mashaka. Lakini wewe mwenyewe umesema hujafika. Mtu huwezi kumhukumu kwa simu isiyopokewa. Hata sisi hifadhini simu ilikuwa inaita ofisini na wote tupo kwenye magari. Wale watu waliniandikia vizuri, kwa adabu, "Dear Mr. Elisaria". Si watu wa kukimbia.

Naomba uende, mwanangu. Nenda wiki hii kama unaweza. Na ukikuta mtu, muulize kwa upole kama wanatuma mizigo Tanzania na inachukua muda gani. Na kama utaona kuna jambo lisilo la kweli, nenda polisi wa huko uwaeleze. Polisi wa Uingereza wanasikiliza watu.

Macho tutaongea siku nyingine. Utanisamehe mwandiko, kalamu hii ni mbovu.

Baba yako mdogo,
Elisaria


Coventry
4 Agosti 2002

Baba mdogo shikamoo,

Natumaini baridi imepungua. Poleni kwa msiba wa mzee Solomoni. Mimi ni mzima.

Nilikwenda Jumamosi iliyopita. Mtaa wa Harcombe ni nyumba za kawaida, zimebanana kama vitabu rafuni. Namba 41 haina mlango wa kioo wala kibao. Nikagonga. Akafungua bibi mmoja wa kizungu, anatembea kwa kuegemea kigari. Kabla sijamaliza salamu akaniuliza, "Na wewe umefuata darubini?"

Nikamwambia ndiyo, ya baba yangu.

Akasema, "Hakuna duka hapa, mpenzi. Nimeishi nyumba hii miaka thelathini na moja. Wamechukua tu anwani yangu, sijui kwa nini yangu." Polisi aliwaita zamani, wakaandika, wakaondoka. Akanikaribisha jikoni, akavuta droo. Imejaa barua, baba mdogo. Za Poland, za Ufilipino, za Ghana. Watu wanauliza vitu vyao viko wapi. Mwanzoni alikuwa anazirudisha posta, posta nao wanamrudishia. Baadaye akaanza kuzifungua, labda angeweza kuwajibu.

Nikamwambia baba yangu anatoka Tanzania. Akasema, "Bwana wa ndege." Hakutafuta sana, ilikuwa juu. "Hii niliisoma mara mbili," akasema. "Nilitaka kumjibu, sikujua nimwambie nini."

Ni mwandiko wako. Tarehe 3 Machi. Mwezi mzima na zaidi kabla hujaniandikia mimi eti nipite nitazame kabla hujafanya lolote.

Sijui hata kama nina hasira. Nimeisoma nikiwa nimesimama jikoni kwa mtu nisiyemjua. Umewaandikia hawa wezi kwamba ni wiki ya saba tangu utume fedha. Umewaomba waharakishe, kwa sababu jicho la kulia halioni tena isipokuwa mwanga, na la kushoto linafifia, na ungependa kuwaona heroe, wale ndege wa waridi wa maziwa ya Momella, vizuri mara moja kabla halijafungwa. Wao umewaambia. Mimi umeniandikia "macho yanaendelea".

Zile fedha zilikuwa za upasuaji. Unajua ni usiku ngapi? Basi, tuliache.

Polisi siwezi kwenda. Usiniulize kwa nini, na usinirudie tena neno hilo kwenye barua.

Mama mdogo anajua?

Elinipa


Akheri
1 Septemba 2002

Mwanangu Elinipa,

Mwandiko huu ni wa mama yako mdogo. Mimi nasema, yeye anaandika. Barua yako ya mwisho nilishindwa kuisoma. Niliweza kuona tu kwamba ni ndefu. Nikakaa nayo mfukoni siku tano nikitafuta mtu wa kunisomea ambaye hatasema. Sikumpata. Jumapili baada ya ibada nikampa Tabea.

Alinisomea mpaka pale bibi aliposema "bwana wa ndege". Akaendelea mpaka mwisho wa habari ya fedha, akaiweka barua chini ya sahani, akatoka kwenda kukata majani ya ng'ombe. Nilimsikia akikata muda mrefu sana, majani ya ng'ombe kumi. Aliporudi akanawa mikono, akaketi, akasema, "Sasa sema wewe. Mimi nitaandika."

Kwa hiyo nasema. Ni kweli, nilizituma tarehe kumi na nne Januari. Dada Ummy alinikataza. Alisema, "Mzee, mimi watu wanaotaka ulipe kwanza siwaamini, na hawa wana haraka mno." Nikamwambia yeye kazi yake ni kompyuta. Ephraimu, mwenzangu wa hifadhini, ulikuwa unamjua, alipasuliwa jicho mwaka juzi na leo anashikwa mkono kwenda chooni. Nilikuwa naogopa, mwanangu. Mtu mzima wa miaka sitini na sita, niliyekuwa natembea mbele ya wageni nyati wakiwa vichakani. Niliogopa kisu. Yale maneno yao kwamba kioo kinakusanya mwanga niliyaamini kwa sababu nilitaka iwe hivyo.

Na wewe nilikutuma ukatazame nikijua fedha nimeshazituma. Nilisema labda utakuta duka, na darubini ipo imefungwa tayari inasubiri meli, na hutajua kamwe. Nimekudanganya. Nisamehe.

Tabea anasema sasa ni zamu yake.

Mimi Tabea nakusalimu mwanangu. Sitasema mengi, huyu nitamalizana naye mwenyewe. Wiki ijayo mtamba anakwenda mnadani na mzee anakwenda kwa madaktari wa macho, nimeshamwambia, hakujibu, maana yake amekubali. Lakini kuna jambo. Bahasha yako juu umeandika Coventry. Muhuri wa posta si Coventry, ni Leeds. Nimetafuta na ile ya Mei kwenye kasha la bati, na yenyewe ni Leeds. Nimemuuliza mwalimu Susana, kasema ni mji mwingine, mbali. Na polisi unawaogopa. Na usiku ngapi za nini, wakati wewe ni mwanafunzi? Baba yako mdogo amesema yake. Na wewe sema.

Elisaria na Tabea


Leeds
6 Oktoba 2002

Baba mdogo na mama mdogo, shikamooni,

Nimeanza barua hii mara tatu. Mara ya kwanza niliandika kwamba Leeds nilikwenda kutembea.

Poleni na mtamba. Ile nyota nyeupe nilikuwa nimeshaizoea.

Chuo cha unesi niliacha miaka miwili iliyopita. Hawakunifukuza kwa kosa, ada ilinishinda, wakanisubiri, wakachoka kunisubiri. Nilisema nitafanya kazi mwaka mmoja nirudi darasani. Septemba ya mwaka jana ruhusa yangu ya kukaa nchini ikaisha, na mtu ambaye si mwanafunzi hawamwongezei. Nikahamia Leeds kwa sababu kuna nyumba ya wazee ambayo haiulizi karatasi. Inalipa kidogo kwa sababu hiyo hiyo. Ninawageuza kitandani, ninawaosha, nabadilisha mashuka, kuanzia saa mbili usiku mpaka saa mbili asubuhi. Fedha za macho yako zilitoka hapo. Barua zenu zinafika kwa Anande kule Coventry, tuliyekuja naye, anazituma kwangu akikumbuka. Ndiyo maana zinachelewa, posta haina kosa.

Ile Jumamosi ya Mtaa wa Harcombe nilitoka kazini nikapanda basi bila kulala. Mwendo wa saa nne. Kila nilipoona sare nilikuwa naangalia viatu vyangu. Kwa hiyo polisi, baba mdogo, siwezi. Nikienda kushtaki wezi wako nitaulizwa jina langu.

Nilipokuwa jikoni kwa yule bibi, nilikuwa nakasirika juu ya barua yako, huku mfukoni nina ya kwangu niliyokuwa nimeanza kuwaandikia, inayosema mtihani wa mwisho ni Desemba. Niliichana kituo cha basi.

Watu wa huko mnawaambia mimi tayari ni nesi. Najua mnawaambia. Mchungaji alinitaja kanisani, Godwin wa kwa mjomba aliniandikia. Sijui mfanyeje na hilo.

Nimechoka tu. Sina neno jingine zuri zaidi.

Elinipa


Akheri
17 Novemba 2002

Mwanangu mpendwa Elinipa,

Huu ni mwandiko wangu. Tabea amekaa pembeni anachambua maharage, anasema mistari inapanda kama njia ya mlimani. Ninaiona kwamba inapanda, na hiyo ndiyo habari.

Mtamba alipata bei mbaya, ila ilitosha. Walitupa miadi, na jicho la kushoto wakalipasua tarehe 24 Oktoba. Nilikuwa nimejiandaa kwa kisu. Haikufika hata nusu saa, na daktari alikuwa mama mmoja mdogo wa umri kama wako, akinihadithia habari za kuku wake. Nilipotoka niliona aibu kuliko maumivu. Kesho yake walipofungua bandeji, mtu wa kwanza kumwona alikuwa Tabea. Nyusi zake zimekuwa nyeupe zote. Sikujua. Sijui zilianza lini.

La kulia, daktari alilimulika, akasema, "Mzee, hili lina presha, si mtoto wa jicho peke yake. Hili ungeniletea Januari." Tabea alikuwa amesimama hapo hapo na kikapu chake. Mpaka leo hajasema kitu juu ya hilo, na mimi kila asubuhi nangoja aseme.

Barua yako tuliisoma wote wawili, yeye kwa sauti. Alipofika kwenye wazee unaowageuza alisoma polepole. Mimi nilikuwa nafikiri: mtoto wa marehemu kaka yangu anaosha wazee wa watu usiku kucha ili mimi nisipofuke, na mimi nimechukua usiku huo nikampa mtu nisiyemjua. Ningeweza kuomba msamaha kila ukurasa, lakini haitakusaidia kulala.

Kwa hiyo nasema jambo moja. Usitume tena fedha. Rudi. Tabea anasema niandike kwamba hilo si ombi. Chumba chako kina magunia ya mbegu, tutayatoa. Mchungaji nilimwendea mwenyewe. Nilimwambia mambo mawili: binti yetu si nesi, na mimi nilidanganywa na duka la kwenye kompyuta. Hilo la pili ndilo lililomshangaza zaidi. Alisema, "Wewe, mzee Elisaria?" Kumbe na yeye ametuma fedha mahali kwa ajili ya kinanda cha kanisa, na hajapata jibu tangu Julai. Nilimpeleka kwa dada Ummy. Amekaa naye saa nzima akimwonyesha jinsi ya kutazama: simu inapokelewa au haipokelewi, jina la anayepokea fedha, picha zimetoka wapi. Ni zile dalili zako, Elinipa. Niliwasomea kutoka kwenye barua yako ya Mei.

Rudi, mwanangu.

Elisaria


Leeds
12 Januari 2003

Baba mdogo shikamoo, mama mdogo shikamoo,

Heri ya mwaka mpya. Theluji imeanguka siku mbili, imekuwa matope. Nimefurahi kuona mistari inayopanda, nimeipitishia kidole. Jicho la kulia nimelilia, halafu nikaenda kazini.

Barua yako nilikaa nayo wiki tatu bila kuijibu. Nilikuwa nahesabu nikirudi narudi na nini. Sanduku moja. Cheti hakuna. Mikono imechubuka kwa dawa za kusafishia. Miaka mitano. Ninaogopa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro kuliko nilivyoogopa polisi, kwa sababu polisi hawanijui.

Halafu bibi mmoja ninayemhudumia, hana mtu, akaniuliza saa kumi alfajiri, "Wewe kwenu ni wapi?" Nikaanza kumwambia mtoni, zizi, soko la Jumamosi, nikashindwa kuendelea. Asubuhi hiyo hiyo, badala ya kwenda kulala, niliweka mswaki na nguo moja kwenye mfuko nikaenda ofisi ya uhamiaji mwenyewe. Nilijua huenda wakanifungia humo. Yule afisa aliangalia pasipoti yangu muda mrefu, akaniuliza, "Nani amekutuma?" Nikasema hakuna. "Unataka nini?" Nikasema nataka kwenda nyumbani. Akaonekana amechoka kama mimi. Akanipa fomu, na kiti.

Wamenikatia tiketi. Nafika Jumapili tarehe 2 Februari, asubuhi. Sitaweza kurudi huku kwa miaka mingi, wamenisainisha.

Zawadi ninayo moja tu. Darubini nilikwenda kuziangalia kwenye duka la kweli, lenye mlango na watu ndani. Niliishika moja, nikairudisha rafuni. Nilikuwa na fedha za blanketi la mama mdogo au darubini hafifu, nikachukua blanketi.

Mje wote wawili kunipokea, kama nauli ipo. Na naomba hili moja, baba mdogo: kama ulivyomwambia mchungaji, waambie na wengine. Waambie majirani, waambie wa sokoni, waambie kwa mjomba. Waambie sasa hivi, yote, ili nikifika wawe wameshamaliza kusema.

Binti yenu,
Elinipa